Tulipomfunga Watachoka Kamba

Wiki iliyopita tulimaliza matanga ya bibi yangu kule Sibwesa, na mimi nikarudi Mpanda mjini kuendelea na maisha. Ndivyo watu wanavyosema, kuendelea na maisha. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nakwenda sokoni nikamwona kijana anavutwa na mbwa. Mbwa mkubwa, amevalishwa mkanda mzuri shingoni, na kijana anakimbia nyuma yake huku anacheka, ndala yake moja imebaki njiani. Vijana wa bodaboda wakacheka naye. Mimi sikuweza. Viganja vyangu viliingia joto, nikasimama pembeni ya duka la vipuri vya baiskeli mpaka wakapotea kwenye kona. Mama mwenye duka akaniuliza kama naogopa mbwa. Nikamwambia hapana, mbwa siogopi. Sikujua nimweleze nini zaidi, kwa hiyo nakueleza wewe.

Nililelewa na bibi, mama mzaa mama. Mama yangu alikuwa anapika kwenye mgahawa hapa mjini, na tulimwona sikukuu. Nyumba ya bibi ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye kitongoji. Baada yake lilikuwa shamba la mahindi na karanga, kisha kijito, kisha pori la miombo. Kama umekulia sehemu kama ile utaikumbuka harufu ya muhogo uliolowekwa. Mgeni akifika anafunika pua. Mimi nikiisikia hata leo nataka kuvua viatu nikae chini. Asubuhi niliamshwa na mchi wa bibi kwenye kinu, halafu sauti yake akimwita mbwa, na mbwa anatokea shambani ameloa umande mpaka tumboni, anajikung'uta karibu na moto, bibi anamtukana kidogo, kisha anamtupia ukoko.

Kwetu mtu akiwa na neno moyoni na hataki ugomvi, neno lile humpa mbwa liwe jina. Babu alipofariki, watu walisema bibi hataweza kulima peke yake pale karibu na pori, kwamba mvua zitamkuta amesharudi kwa kaka zake. Bibi hakuwajibu. Alikwenda kuomba mtoto wa mbwa, akamwita Watachoka. Kila jioni alisimama nyuma ya jiko akaliita jina hilo kwa sauti ndefu, likapita juu ya mashamba ya wale waliosema. Wanawake kisimani walimtania: "Mama, hata sisi tusiosema unatuita?"

"Kama hukusema, usiitike," bibi akawajibu, akajitwika ndoo yake.

Mbwa mwenyewe alilingana na jina. Alikuwa wa rangi ya majani makavu, kifua kipana, sikio moja limechanwa na nguruwe pori. Usiku alilala chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho mtu analalia shambani kulinda mazao, na nguruwe waliotoka kijitoni walimjua. Bila yeye bibi angevuna mabua. Hakupenda kuguswa. Mimi na bibi tu ndio tuliweza kumshika shingo, na hata sisi tulisubiri atake. Ukimwita anakuja akiwa amemaliza alichokuwa anafanya. Ukimfukuza anaondoka akiwa tayari.

Na hakuwahi kufungwa kamba. Hili nataka ulielewe vizuri, maana mjini watu hawalielewi. Kwetu mbwa hafungwi. Mbwa niliowahi kuwaona wamefungwa kamba walikuwa wala mayai na waua mbuzi, wanapelekwa porini na wanaume wawili wenye marungu, na kilichorudi ni kamba. Sisi watoto tulijua maana yake. Nadhani na mbwa walijua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, karanga zimekomaa, na mbwa mwenye kichaa alipita kitongoji cha jirani akamng'ata mtoto. Yule mtoto alikuwa darasa moja nyuma yangu. Alikaa wiki kadhaa mzima kabisa, anacheza, kisha akaugua, akafa. Sitasema zaidi ya hapo. Baada ya mazishi yale kila mzazi alimtazama mbwa wake kwa jicho jingine, na watoto tuliacha kupita njia za vichochoroni.

Mtendaji wa kijiji akapita kwenye bodaboda na kipaza sauti. Wataalamu wa mifugo wanakuja Jumamosi ya wiki inayofuata, kwenye uwanja wa shule. Kila mbwa apelekwe akachanjwe. Aje na kamba, ameshikwa na mtu anayemmudu. Mbwa atakayeonekana hana kamba kuanzia siku hiyo, na hana alama ya chanjo, atapigwa risasi, na mwenye mbwa asilalamike.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga. Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoteleza kwenye ngazi ya dungu, alitembea na fimbo, na mpaka shuleni ni mwendo wa kilima na bonde. Bodaboda ikapita mara ya pili, ikarudia yale yale. Alimenya karanga nyingine chache, kisha akaniambia bila kuniangalia, "Ni wewe."

Usiku huo sikulala vizuri, na wala usiku uliofuata. Nilikuwa nahesabu mambo yanayoweza kumfanya Watachoka akurupuke njiani: mbuzi, kuku, mbwa wengine, wauza samaki wa migebuka wanaotoka ziwani Karema na matenga nyuma ya pikipiki. Mkono wangu ukiachia mara moja tu, basi.

Tulianza na kamba ya katani. Bibi alimshika kwa maneno matamu, akamvika, akanipa mimi ncha. Watachoka aliitazama kamba, akanitazama mimi, kisha akaondoka. Sikuwahi kujua mbwa ana nguvu kiasi hicho. Nililala kifudifudi nikaburutwa mpaka kwenye matuta ya viazi, na niliposhindwa na kuachia, viganja vilikuwa vimechubuka kama vimepitishwa motoni. Bibi akanipaka mawese. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Kila mpita njia alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema mnyime chakula. Mwingine alisema mpige mpaka akujue. Mama mmoja alisimama na mzigo wake wa kuni kichwani akatutazama muda mrefu.

"Wewe binti," akasema, "kati yenu nyie wawili nani amefungwa?"

Sikumpiga. Si kwa sababu ya wema. Niliogopa kwamba nikimpiga hatanikaribia tena, na hapo itakuwa imekwisha.

Ndipo akaja jirani yetu mfugaji. Alikuwa Msukuma, amehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, na alimwita bibi "mayu", yaani mama, ingawa hawakupishana sana umri. Alinikuta nimeng'ang'ania kamba na visigino vimezama kwenye udongo.

"Binti, unampeleka wapi?"

"Simpeleki. Ananipeleka yeye."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Halafu akamgeukia bibi. "Mayu, huyu ni dume ambalo halijakaa kwenye nira. Ng'ombe mbishi hafundishwi na mtu. Anafundishwa na ng'ombe mzee. Unawafunga pamoja, mzee anamwambia kila kitu."

"Anamwambia kwa lugha gani?"

"Kwa shingo."

Bibi alifikiri, na siku zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo akakubali. Jioni ile tulimpeleka Watachoka kwenye zizi la jirani. Alikuwa na maksai mmoja mzee, mweusi, mpole kiasi kwamba kuku walilala mgongoni kwake. Jirani akasokota kamba ya ngozi, akaifunga shingoni kwa maksai, na ncha nyingine shingoni kwa mbwa. Tukarudi nyuma kutazama.

Watachoka alivuta. Maksai akaendelea kucheua. Watachoka akavuta kwa upande mwingine, akabweka, akaruka, na maksai akamgeuzia kichwa polepole kama mtu aliyeamshwa. "Unaona," jirani akasema, "anamsikiliza." Kisha ukafika wakati wa maji. Maksai yule alikuwa akienda kijitoni kila jioni kwa saa ile ile, na hakuona sababu ya kubadilisha. Akaondoka. Watachoka akakaza miguu, haikusaidia chochote. Mimi na jirani tukakimbia nyuma yao tukipiga kelele, na maksai hakusimama mpaka alipofikisha midomo majini, na mbwa wetu nyuma yake kwenye tope hadi shingoni.

Watu walilicheka jambo lile mpaka mavuno. Mimi sikucheka, kwa sababu kuanzia pale Watachoka alikuwa akiona kamba, hata ya kufungia kuni, anapotea mahindini na harudi mpaka giza. Jumamosi ilikuwa inakuja na tulikuwa nyuma ya pale tulipoanzia. Bibi aliacha kumtukana asubuhi. Alimtupia ukoko akamtazama akila, na niliuona uso wake, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jirani alikuja kuomba radhi na kibuyu cha maziwa mgando. Alikaa, akayanywa kidogo ili tusione haya kunywa, kisha akasema, "Mayu, nimemkosea mbwa, sijaikosea kazi. Ngoja nimwambie huyu binti kitu."

Akanieleza jinsi mtoto anayetangulia mbele ya ng'ombe wa kulimia anavyofanya. Ng'ombe akiwa na pupa, yule mtoto hamvuti wala hampigi. Anasimama. Na plau inasimama, na watu wote shambani wanasimama, hata kama mvua inakuja. Ng'ombe akitulia, anatembea. Akileta pupa tena, anasimama tena. "Ng'ombe anataka kwenda," alisema. "Hicho ndicho anachotaka. Basi aone kwamba akivuta, haendi."

"Na ng'ombe mzee?" nikamuuliza.

"Kwa mbwa huyu ng'ombe mzee ni wewe."

"Mimi nina miaka kumi na moja."

"Yeye hajui."

Bibi akachuna gome la muombo, akalilowesha, akasokota kamba laini isiyonuka ngozi wala zizi. Aliilaza karibu na moto mahali mbwa anapojikung'uta asubuhi ili aizoee. Nikaweka mfukoni vichwa vya dagaa. Watachoka alisimama mbali muda mrefu, kisha pua ikamshinda.

Kutoka nyumbani hadi kisimani ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja. Siku ile tulitoka jua likichomoza na tukafika jua likichoma utosi. Akivuta, nasimama. Anavuta mpaka anakoroma, nasimama. Siku nzima natazama mgongo wa mbwa. Kisha anageuka kuona kwa nini dunia imesimama, kamba inalegea, nampa kichwa cha dagaa, tunatembea hatua chache, anavuta tena. Wanawake walituacha wakienda na kutukuta wakirudi, pale pale. "Mnangoja basi?" waliniuliza. Tuliporudi na ndoo, bibi alikuwa hajapika kwa kukosa maji.

Ilisaidia, lakini haikutosha. Alikuwa anatulia, kisha ghafla anaanza tena, na mimi sikuona sababu. Bibi aliiona kutoka mlangoni. Siku moja kabla ya Jumamosi aliniita, akanifunga kamba ile kwenye kifundo cha mkono, akashika ncha nyingine. Akaikaza. Hakuvuta, aliikaza tu, kama mtu anayeshika kitu asikidondoshe. Tukakaa hivyo. Baada ya muda kidogo nikajikuta naurudisha mkono kwangu.

"Mbona unavuta?" akaniuliza.

"Unavuta wewe, bibi."

"Mimi nimeshika tu."

Akailegeza, na mkono wangu ukashuka wenyewe mapajani. "Woga wako unapita humu," alisema. "Unaingia kwako unatokea kwake. Mshike kama mtoto wa kuku."

Nilimwambia nikimshika hivyo ataponyoka, na akiponyoka watamuua. Alisema, "Najua." Hakuniambia hataponyoka. Bibi hakuwa mtu wa kukuambia jambo asilolijua.

Jumamosi tulitoka ukungu ukiwa bado bondeni. Bibi alitusindikiza mpaka kwenye mti wa kwanza wa njia kuu, akasimama hapo na fimbo yake. Mwendo ule siukumbuki wote. Nakumbuka muuza migebuka alipita kwa pikipiki na harufu yote ya ziwa nyuma yake, Watachoka akakaza, nikasimama, akageuka, tukaenda. Nakumbuka nilikuwa naiambia mikono yangu, mtoto wa kuku, mtoto wa kuku, na jasho linatiririka kiganjani mpaka gome likawa linateleza.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa mbwa. Wengine wamefungwa kwa mikanda ya suruali, kwa vipande vya chandarua, kwa nyaya. Wanaume wamewabeba wengine mabegani kama mbuzi. Kelele ilikuwa kubwa hata wataalamu walizungumza kwa mikono. Tukaingia kwenye foleni, mimi na Watachoka, na jirani mfugaji alikuwa mbele yetu na mbwa wake wa kuchungia. Aliponiona akanikonyeza.

Tulikuwa tumekaribia meza alipotokea mbwa mwembamba asiye na kamba, anakuja kutoka upande wa visima. Hakuwa na kichaa, nadhani alifuata wenzake tu. Askari aliyekuwa na bunduki akawaambia watu wasogee, akamfuata mpaka nyuma ya madarasa. Kisha ukalia mlio.

Mbwa wote waliruka mara moja. Mzee mmoja akaanguka, kamba zikachanganyika, mbwa wa jirani akajifunga miguuni mwake akamwangusha naye. Watachoka aliondoka kama siku ya kwanza kabisa. Niliisikia kamba ikipita kiganjani, ikapita, mpaka fundo la mwisho likanasa vidoleni, na mkono wangu ukanyooka wote.

Watu baadaye walisema nilikuwa jasiri. Jirani aliwasimulia wengi hivyo, na bibi aliamini. Ukweli ni kwamba miguu yangu ilikufa ganzi. Nilitaka kumfuata, nilitaka kumwita, nilitaka kuikaza kamba kwa mikono miwili, na sikuweza hata kimoja. Nilisimama kwa sababu nilishindwa kufanya kitu kingine. Na kusimama ndiko kulikokuwa kunatakiwa. Watachoka alivuta, akavuta, akakoroma, na mimi pale kama kigingi. Kisha akageuka kuangalia kwa nini dunia imesimama. Kamba ikalegea. Akarudi akakaa juu ya miguu yangu.

Mtaalamu alimchoma sindano haraka, akamchora alama ya rangi nyekundu kichwani, kubwa, kutoka paji mpaka kwenye lile sikio lililochanika. "Mbwa wako ana adabu," akaniambia.

Tulirudi taratibu. Kamba ilikuwa inaburuzika kidogo kati yetu. Nilipofika kwenye kilima nilimwona bibi. Alikuwa bado pale pale tulipomwacha, chini ya ule mti, lakini sasa amekaa kwenye udongo na fimbo imelala mbali naye. Akatuona. Akajaribu kusimama, akashindwa, akaweka mikono miwili kichwani. Sikuelewa. Nilidhani nyonga imemzidi, nikakimbia, na Watachoka akakimbia pamoja nami, na tulipomfikia alimshika mbwa kichwa kwa nguvu, akamfuta, akaviangalia vidole vyake, akamfuta tena. Kisha akavinusa vidole.

"Ni rangi," alisema.

Mlio ulikuwa umefika mpaka pale. Aliusikia.

Akamvua kamba mwenyewe, akaitupa majanini, na jioni ile aliliita jina lile nyuma ya jiko kama kawaida, ila sauti ilikatika katikati, akalirudia.

Watachoka aliishi misimu mingine mingi. Alama ilifutwa na mvua. Alikufa kwa uzee juu ya majivu ya moto, na bibi alimzika karibu na shamba, jambo ambalo watu walilisema pia. Sasa pori limesogea mbali, limelimwa na watu wengine, na nguruwe hawashuki tena kijitoni. Hakuna anayejenga dungu. Wiki ile ya matanga nilisikia mbwa wa kitongoji wakiitwa majina ya wachezaji mpira wa Ulaya.

Waombolezaji walikuwa wanasimulia habari za bibi usiku, kila mtu na yake, na wengine walicheka. Nilitaka kuisimulia hii nikagundua kwamba ninayo nusu tu. Nilikuwa uwanjani, najua kilichotokea uwanjani. Lakini kutoka mlio ule mpaka sisi tulipotokea kilimani ni muda mrefu, kwa mwendo wa mtoto na mbwa aliyechoka. Muda huo bibi alikuwa peke yake chini ya mti na mguu usioweza kumfikisha. Hakuniambia alifikiri nini, wala kama akilini alituona wote wawili tumelala huko uwanjani. Miaka yote nilikuwa na nafasi ya kumuuliza, nilikuwa nakwenda kila mavuno, tunakaa mlangoni tunamenya karanga, na nilikuwa najiambia nitamuuliza.